Saa Chache Singapore: Majibu kwa Wanaosimama Njiani

Katika safu iliyopita nilieleza jinsi mimi na mke wangu tulivyokaa Singapore saa 22 tulipokuwa njiani kwenda Melbourne kumtazama binti yetu aliyekuwa amejifungua. Maswali yaliyofuata yametoka zaidi kwa wazazi wa rika letu, ambao watoto wao wamehamia Australia na ambao hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja watakuwa na mchana mzima wa kuua katika mji wa Asia. Nimeyachagua sita.

Tunatoka Mombasa kwenda Perth, na kati ya ndege moja na nyingine tutakuwa na saa 9 Singapore. Je, tunaweza kutoka nje ya uwanja, au tutulie tusije tukaachwa?

Mnaweza kutoka, ila pigeni hesabu kwanza. Kushuka, kupita uhamiaji na kufika mjini kunakula kama saa moja na nusu, na kwa watu wasiopenda kukimbia, safari ya kurudi pamoja na ukaguzi ihesabiwe saa 3. Zinabaki saa nne na nusu, nazo zinatosha mtaa mmoja na mlo mmoja. Mnapokabidhi mizigo Mombasa, ulizeni kama masanduku yatakwenda moja kwa moja hadi Perth. Ikiwa mmenunua tiketi mbili zisizohusiana, huenda mkalazimika kuyachukua Singapore na kuyakabidhi upya, na hapo saa 9 huwa finyu kweli.

Kuna mambo mawili ya kutayarisha kabla ya kuondoka. Kila anayeingia nchini humo hujaza fomu ya kuwasili kwa njia ya intaneti katika siku 3 za mwisho kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayodai malipo kwa kazi hiyo si ya serikali. La pili ni kadi ya njano, kwa sababu anayetoka Kenya, Uganda au Kongo huulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa baada ya siku 10 tangu kuchomwa. Kadi ikae katika begi la mkononi. Mke wangu aliiweka yake katika sanduku lililokuwa limekwisha kupakiwa, na maelezo tuliyolazimika kutoa pale dirishani sitayarudia hapa.

Kama mnaogopa kupotea, uwanja wa Changi una ziara ya basi isiyolipiwa kwa abiria wanaosubiri kuanzia saa tano na nusu hadi saa 24. Inachukua saa mbili na nusu, na mnajiandikisha kabla hamjapita uhamiaji.

Tunafikaje mjini bila kutumia pesa nyingi?

Pandeni treni. Mnatoka Changi, mnabadilisha katika kituo cha Tanah Merah, na nauli hadi katikati ya mji ni karibu dola 2 za huko kwa kila mtu, ambazo hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki mlangoni. Kila mmoja awe na kadi yake, kwa maana kadi moja haifungui mlango kwa watu wawili. Treni huanza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri na kukoma karibu na saa sita usiku. Nje ya muda huo itabidi mchukue teksi.

Sisi ni Waislamu wa Unguja. Tutapata wapi chakula cha halali, na je, kuna mahali pa kuswali?

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko mengine, kwa kuwa jibu lake ndilo lililotupa sehemu bora ya siku yetu. Shukeni kituo cha Bugis mtembee dakika chache hadi Kampong Glam. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Sultani, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1932. Tazameni kwa makini sehemu ya chini ya kuba lake la dhahabu, mtaona mkanda mweusi unaong'aa. Ule ni wa vitako vya chupa za kioo, vilivyochangwa na Waislamu maskini ili nao wawe na sehemu yao katika ujenzi.

Majina ya mitaa inayouzunguka yatawachekesha watu wa Unguja: kuna mtaa wa Waarabu, wa Baghdad, wa Basra, na upo pia mtaa wa Muscat wenye matao. Mtaa wa Basra, ambao wao huuandika Bussorah, ndio uliokuwa kituo cha mahujaji wa visiwa vya Malay zama za meli. Walikuwa wakipanga humo kusubiri chombo cha kwenda Jeddah, na huko nyuma mtaa ulijulikana kama kijiji cha mahujaji. Leo umejaa mikahawa na maduka ya vitambaa, lakini mtu akikaa chini ya ile minazi na kuutazama msikiti mwisho wa njia, hahitaji kuelezwa sana.

Kuhusu chakula, anzeni na nasi lemak. Ni wali wa nazi, si kitu kingine, unaopakuliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Mke wangu alionja kijiko cha kwanza, akaniambia kwamba hawa ni watu wetu. Murtabak ni chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama, vitunguu na mayai, na aliyewahi kusimama mbele ya meko za Forodhani usiku hatahitaji tafsiri. Satay ni mishikaki midogo inayochovywa katika mchuzi wa karanga. Chai ya maziwa humiminwa kutoka juu hadi itoe povu, na yenye sukari hasa.

Mkienda kwenye zile kumbi kubwa za vibanda vya chakula, ambazo utamaduni wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2020, tafuteni cheti cha halali kilichotundikwa kibandani, kwa kuwa kibanda cha halali kinaweza kupakana na cha nguruwe. Vyombo navyo hurudishwa mahali tofauti, vya halali upande wake. Sahani ya chakula ni kama dola 4 hadi 8. Mkiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, msiiondoe wala msikae, maana mwenyewe yuko foleni na ile ndiyo alama yake.

Na msiogope lugha. Kiingereza kinatumika kila mahali, lakini lugha ya taifa ni Kimalay, ambacho kimekunywa kisima kilekile cha Kiarabu na Kireno tulichokunywa sisi. Habari ni khabar, dunia ni dunia, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, meza ni meja, na bendera ni bendera. Mzee aliyetuuzia kitambaa cha batiki alizihesabu nasi kwa vidole hadi wateja wengine wakaanza kukohoa.

Mume wangu ametengeneza orodha ya sehemu 11 za kuona kwa siku moja. Mimi nataka kukaa mahali penye kivuli. Nani yuko sahihi?

Dada yangu, wewe. Singapore iko takriban digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na jasho la saa nane mchana huko halina tofauti na la Dar es Salaam mwezi Februari, ila kule mvua ya radi hukatisha matembezi bila kuomba radhi. Nasi tulikuwa na orodha. Ilipofika sehemu ya nne mke wangu aliketi kwenye ngazi za benki moja akakataa kuondoka, na tangu hapo siku ikawa nzuri.

Mpe mumeo vitu viwili. Cha kwanza ni makumbusho ya staarabu za Asia kandokando ya mto, ambayo yana kiyoyozi. Humo mna shehena ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, katika karne ya 9 na kugunduliwa mwaka 1998, likiwa na makumi ya maelfu ya bakuli za Kichina. Mbao za jahazi hilo hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba, kama zilivyoshonwa mbao za mtepe wa Lamu. Mtu wa pwani akiyatazama bakuli hayo anajua ni biashara gani iliyokuwa ikifika hadi kwake, kwani vipande vya vyungu vya Kichina vimefukuliwa pia katika magofu ya pwani yetu.

Cha pili ni bustani za Marina Bay jioni. Miti yake mikubwa ya chuma, mirefu hadi mita 50, huwashwa taa kwa muziki saa 1:45 na saa 2:45 usiku, na kutazama kutoka chini hakulipiwi. Lile bwawa la kuogelea lililo juu ya hoteli ya minara mitatu liacheni, ni la wageni waliolala humo tu.

Nasikia huko mtu anatozwa faini kwa kila kitu. Tujihadhari na nini?

Sheria ni kali, lakini si mitego. Kula au kunywa ndani ya treni kunaweza kugharimu faini ya hadi dola 500. Ubani wa kutafuna umepigwa marufuku kuingizwa tangu mwaka 1992, na sigara za kielektroniki haziruhusiwi kabisa. Dawa za kulevya zinaweza kumfikisha mtu kwenye kunyongwa, kwa hiyo msibebe kifurushi cha mtu msichojua kilichomo, na miraa, hata iwe zawadi ya mkwe, ibaki nyumbani. Wazee wanaotumia dawa za usingizi au za maumivu zenye codeine waombe kibali mapema, kisha wazibebe katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari.

Tutafika alfajiri na kuondoka usiku wa siku hiyohiyo. Je, tuchukue hoteli?

Hoteli nyingi za mjini hutoa chumba kuanzia saa tisa alasiri, kwa hiyo mtalipia usiku ambao hamtalala. Ndani ya uwanja, kabla ya kupita uhamiaji, zipo hoteli zinazokodishwa kwa saa. Kalaleni humo saa 6, mwoge, ndipo mtoke. Mkirudi mapema, yale maporomoko ya maji ya mita 40 yaliyo ndani ya jengo la Jewel yako nje ya uhamiaji, kwa hiyo yatazameni kabla hamjaingia kukaguliwa. Sisi tulikumbuka tukiwa tumekwisha kuingia.