Kabla Hujaandika Dawa, Uliza Leo ni Siku ya Ngapi

Mdogo wangu uliyefika Kampala juzi, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa intani, daktari wa mafunzo, nilimpokea mama mmoja muuza matoke. Presha ilikuwa 210 kwa 120, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na picha ya CT ilionyesha damu imemwagika ndani ya ubongo upande wa kushoto, yaani kiharusi cha kuvuja damu. Siku aliyoingia aliitika jina lake. Baadaye akaanza kusinzia, joto likafika 38.4, na chembe nyeupe za damu zikapanda. Nikajiona nina akili. Nikaandika artesuneti ya malaria, seftriaksoni ya bakteria, na deksamethasoni ya kupunguza uvimbe. Asubuhi mzee wetu wa wodi akasoma faili kimya, akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu mimi, akaukata mstari wa deksamethasoni mpaka karatasi ikachanika. Ndipo akauliza, "Leo ni siku ya ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimehesabu presha, sukari na matone ya dripu. Siku sikuzihesabu. Ilikuwa ya tatu.

Jeraha la kwanza la kiharusi cha kuvuja damu ni la nguvu tupu: bonge la damu linasukuma na kuchana. Linaweza kuendelea kukua saa za mwanzo, ndiyo maana tunakimbizana na presha mapema. Jeraha la pili halina haraka, na sehemu kubwa yake hutokana na kinga ya mwili wenyewe.

Ubongo una walinzi wake wanaoishi humohumo, mikroglia, ambao Mhispania Pío del Río Hortega aliwaeleza mwaka 1919. Damu ikigusa mahali isipostahili kuwa, hawa huamka mapema sana. Kinachowashtua ni pamoja na thrombini, ileile inayogandisha damu, na mabaki ya seli zilizokufa. Wakishaamka hutoa kemikali za kuita wenzao, na nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zinaanza kumiminika kutoka kwenye mishipa. Katika majaribio ya wanyama huwa nyingi zaidi karibu siku ya pili au ya tatu. Tatizo la nyutrofili ni kwamba zimeletwa kuua vijidudu, na hapa vijidudu hakuna. Zinamwaga vimeng'enya vyao hivyohivyo, kizuizi kati ya damu na ubongo kinalegea, maji yanapenya, na tishu inayozunguka bonge inavimba. Uvimbe huo hukua haraka siku za mwanzo na unaweza kuendelea hadi wiki ya pili. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa anaongea Jumatatu akasinzia Alhamisi si lazima awe amevuja tena. Rudia picha ukiweza, ila usishangae ukikuta bonge ni lilelile na kilichoongezeka ni maji.

Wakati huohuo chembe nyekundu zilizonaswa kwenye bonge zinaanza kupasuka na kumwaga hemoglobini, na ndani yake kuna madini ya chuma ambayo ni sumu kwa seli za neva. Mikroglia na makrofaji, seli walaji wa kinga zinazotoka kwenye damu, huzila chembe hizo na kuisafisha takataka. Umewahi kumtazama mtu aliyepigwa ngumi ya jicho? Linaanza jeusi, linakuwa kijani, kisha njano. Hicho kijani ni biliverdini, zao la kimeng'enya kinachovunja rangi ya damu. Kimeng'enya hichohicho kinafanya kazi ndani ya fuvu, wewe huoni tu.

Hapa ndipo nilipoteleza. Niliiona kinga kama moto, nikataka kuumwagia maji. Lakini wanaochoma na wanaofagia ni jeshi moja, tena mara nyingine ni seli ileile iliyobadili tabia kadiri siku zinavyosogea. Deksamethasoni huwanyamazisha wote. Wenzetu wa Thailand waliijaribu kwa wagonjwa 93, wakachapisha mwaka 1987: vifo havikupungua, maambukizi na matatizo ya sukari yaliongezeka, jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Nimeikuta dawa hiyo kwenye mafaili mengi tu tangu siku ile. Deferoksamini inayokamata chuma nayo ilijaribiwa, matokeo yakatoka 2019: ni salama, ila faida ya wazi haikuonekana.

Kuna jambo ambalo darasani tulilipita mbiombio. Kichwani kinga inawaka, huku mwilini kwingine inazimwa. Ubongo ulioumia hupeleka homoni za msongo na ishara za neva, limfosaiti, chembe nyeupe nyingine za kinga, zinapungua, na mapafu yanabaki bila ulinzi wa kutosha. Sasa tazama wodi zetu. Ndugu wamelala kwenye mkeka chini ya kitanda, wamekuja na jerikeni ya maji na chupa ya uji. Siku ya tano nilimkuta binti wa yule mama amemwinua kichwa, kijiko mkononi, anamnywesha bushera, uji wa nafaka uliochachushwa, kwa upendo wote. Kila kijiko kilifuatwa na kikohozi chenye maji maji. Jioni kichomi kilikuwa kimeingia pafu la kulia, na sukari ilikuwa imepanda hadi 17 kwa deksamethasoni niliyoiandika mimi, aliyoipata kabla mstari haujakatwa.

Usimkemee ndugu wa mgonjwa. Mwite "nnyabo", yaani mama kwa Kiganda, kaa naye, mwonyeshe. Pima kama mgonjwa anaweza kumeza, kwa maji kidogo akiwa ameketi, kabla hajapewa chochote, inua kichwa cha kitanda, safisha kinywa. Kuhusu kumpa kila mtu seftriaksoni ya kuzuia maambukizi, Waholanzi waliijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,500 na mwaka 2015 wakaripoti kwamba haikuwasaidia kupona vizuri zaidi. Homa ipime malaria, huku hatuna ruhusa ya kuacha, sikiliza mapafu, kisha ishushe hata kama chanzo ni damu yenyewe. Utafiti wa INTERACT3 wa mwaka 2023, uliofanyika zaidi katika nchi zisizo tajiri, ulifunga pamoja presha, sukari, joto na kubatilisha athari ya dawa za kuyeyusha damu, na waliopata huduma hiyo walibaki na ulemavu mdogo zaidi. Parasetamoli na kipimajoto tunavyo.

Yule mama aliondoka wiki ya nne, kwa fimbo, binti yake amembebea mkeka.

Siku hizi nabandika kipande cha plasta juu ya faili na kuandika siku kwa kalamu nene. Sista wa zamu ya usiku hunicheka kwamba napika pombe, nahesabu siku za kuchacha. Lakini juzi nilikuta faili lisilo langu, na plasta ilikuwa imeshabandikwa, mwandiko wa sista huyo: siku ya 3.