Maswali ya Wasomaji: Leza, Maji na Jiwe la Figo

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 43. CT-skani imeonyesha jiwe la milimita 11 kwenye figo yangu ya kushoto, na nimeambiwa litavunjwa kwa leza itakayopitishwa njia ya mkojo bila kunipasua. Mke wangu anahofia kwamba hiyo ni mionzi itakayoniletea saratani. Mimi nahofia kwamba kitu chenye uwezo wa kusaga jiwe hakitashindwa kutoboa figo. Tukubali? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Nianze na hofu ya mama, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Leza ya kuvunjia mawe ni mwanga tu usioonekana kwa macho, nao hauna uwezo wa kuharibu chembe za urithi kama mionzi ya eksirei inavyoweza. Eksirei itatumika kidogo wakati wa tiba hiyo ili daktari aone vifaa vyake vimefika wapi, na daktari mwangalifu huiwasha kwa vipindi vifupi vifupi.

Hofu yako wewe ina msingi zaidi. Leza inayotumika sana kwa kazi hii ni ya holmiamu, ambayo mwanga wake una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 2100. Mwanga wa namna hiyo humezwa na maji upesi mno, na kwa kuwa mwili wetu umejaa maji, haupenyi ndani ya nyama hata nusu milimita. Huletwa na uzi wa kioo ambao kiini chake kinaweza kuwa na unene wa sehemu mbili za kumi za milimita, na ncha ya uzi huo isipogusa jiwe au kulikaribia sana, nguvu yake huishia majini. Hata hivyo ncha hiyo hiyo ikigusa ukuta wa mrija unaotoka figoni, inaweza kuutoboa. Ndiyo maana asiyeona ncha ya uzi na jiwe kwa pamoja kwenye skrini haruhusiwi kukanyaga kikanyagio cha kuwashia leza. Vumbi la jiwe linapotifuka picha huwa kama ya mtu anayeendesha gari kwenye ukungu wa alfajiri, na hapo daktari huacha kila kitu na kusubiri maji yasafishe njia.

Maji hayo, ambayo ni ya chumvi na hutiririshwa muda wote, yana kazi kubwa kuliko kusafisha picha. Nguvu ya leza hugeuka kuwa joto. Tuseme mashine imewekwa jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa kila pigo na mapigo 20 kwa sekunde, yaani wati 20, na figo ina millilita 10 za maji yaliyosimama. Kupandisha joto la maji hayo kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji takriban jouli 42, ambazo leza hiyo huzitoa kwa sekunde mbili hivi. Tukiacha kando joto linalochukuliwa na damu, kutoka nyuzi 37 hadi 43, ambapo nyama ya mwili huanza kuumia kadiri joto linavyodumu, ni sekunde 12 au 13 tu. Maji yakitiririka vizuri na daktari akipumzisha mguu kila baada ya muda mfupi, hatari hiyo hupungua sana.

Lakini maji nayo yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi hujaza figo hadi mkojo wenye bakteria uingie kwenye damu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari inayostahili hofu yako kuliko mwanga wenyewe, kwa sababu sumu ya bakteria kwenye damu inaweza kuua. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza swali moja: mkojo wangu umeoteshwa maabara, na majibu yamesemaje? Bakteria wakionekana, watibiwe kwanza kwa dawa iliyothibitishwa kuwaua, hata kama tarehe ya upasuaji itasogezwa. Majibu yakiwa safi, na ukiwa mikononi mwa timu iliyoizoea kazi hii, kubali. Ukirudi nyumbani ukapata homa ya kutetemeka, usimeze panadoli na kulala. Rudi hospitali usiku huo huo. Na ukiwekewa mpira ndani ya mrija unaotoka figoni, andika tarehe ya kuutoa, maana ukisahaulika kwa miezi huota mawe mapya juu yake.

SWALI: Daktari, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Tumeletewa leza ya holmiamu, lakini miwani tuliyo nayo ni ya leza ya kijani ya tezi dume. Inafaa? – Muuguzi, Mombasa

JIBU: Haifai, mwenzangu. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye miwani yenyewe: ya leza ya kijani itaonyesha nanomita 532, na kinga yake ni ya mwanga huo. Ule wa kijani hupita kwenye mboni hadi nyuma ya jicho. Wa holmiamu huishia mbele, kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kuiunguza. Agizeni inayotaja takriban nanomita 2100, na mgonjwa naye afunikwe macho.

Leza inapofanya kazi ndani ya maji ya figo, macho yenu hayako hatarini sana. Hatari hutokea uzi unapokatika nje ya mgonjwa, mara nyingi kwa sababu mtu ameubana kwa koleo kwenye shuka au kuukunja kama waya wa umeme, au mashine inapowashwa kabla uzi haujaingia mwilini. Mashine ikae katika hali ya kusubiri hadi daktari atamke kwamba anaiona ncha ya uzi nje ya kamera iliyoingizwa mwilini, kwa sababu leza ikipigwa ncha ikiwa ndani huichoma kamera, nayo ni ghali. Mtu mmoja apewe jukumu la kuiwasha na kuizima, na arudie kwa sauti kile alichoambiwa. Angalieni pia sakafuni: kikanyagio cha leza na cha eksirei vikilala bega kwa bega gizani, siku moja mguu utakosea.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na jiwe limeziba mrija wa mkojo. Leza inaruhusiwa? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Inaruhusiwa, tena daktari anaweza kuongozwa na ultrasaundi badala ya eksirei. Kinachokatazwa kwa mjamzito ni kuvunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili. Lakini kama ana homa, leza isubiri: kwanza mkojo ufunguliwe njia kwa mpira au kwa mrija unaopitishwa mgongoni, na hilo lifanyike leo.