Risiti ya 1913 na mtumbwi wa Morris: ni mwaka wa kuundwa au wa kuuzwa?

SWALI: Nipo karakana ya boti hapa Portland, Maine. Mteja kaleta mtumbwi wa B.N. Morris, yule mtengenezaji wa zamani wa Maine, ule wa mbao na turubai, pamoja na risiti ya duka la Boston ya Mei 1913. Nimwandikie umeundwa 1913?

JIBU: Kaka, usiandike hivyo bado. Risiti inakwambia siku hela ilipotoka mfukoni basi, na hiyo yako ni ya duka sio ya Morris mwenyewe, na duka linaweza likawa lilikaa nao stoo msimu mzima au hata miwili, hasa Boston maana enzi zile watu walikuwa wanajazana Mto Charles kupiga makasia kwahiyo stoki ilikuwa lazima iwepo.

Ingekuwa Old Town, kampuni nyingine ya mitumbwi ya Maine, ningekwambia soma namba iliyogongwa ndani omo na tezi (mbele na nyuma), kadi zao za kiwandani zipo mpaka leo, zinaonyesha urefu, mbao, rangi, siku uliposafirishwa na ulikopelekwa. Morris ndo hana bahati hiyo. Kiwanda chake cha Veazie, Maine, kiliungua mwishoni mwa 1919 na makaratasi yakateketea, ndo maana risiti iliyobaki kwa mnunuzi ni mali, yenyewe haikuwa pale siku ya moto. Watafiti wanaoanisha tarehe za risiti kama hizo na namba za mitumbwi (ya kwako icheki kwenye kibati kidogo, ukingo wa ndani karibu na omo), zikiwa nyingi unaanza kuona namba zipi zinaangukia miaka ipi. Moja peke yake inakupa kikomo tu, kwamba Mei 1913 mtumbwi ulishakuwepo.

Tena hapo uwe na uhakika ni ya mtumbwi huohuo! Linganisha futi na aina ya mbao. Rangi usiitegemee, turubai ikishabadilishwa rangi ya kwanza imeondoka nayo. Cheki pia kama kuna nauli ya treni toka Maine mpaka kwa mnunuzi moja kwa moja, ikiwepo basi labda uliagizwa na tarehe iko karibu na ya kuundwa. Na mwaka usome taratibu, fomu nyingi zilichapwa "190" halafu karani anamalizia kwa kalamu, fomu hizo za zamani wakaendelea kuzitumia hata baada ya 1909, wakakatakata juu yake.

Kwa sasa mwandikie "umeuzwa 1913, Boston", na hiyo risiti piga picha mbele na nyuma kabla hajaondoka nayo.