Usiku wa Kuamkia Idi, Washa Chetezo

Mwaka wa kwanza tulipohamia Dodoma, Idi ilinikuta hoi. Nilikuwa na mtoto mchanga, kazi mpya, na maboksi tele hatujayafungua. Pilau tuliagiza. Tukala, tukavaa, tukapiga picha. Alasiri mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka 6, akaniuliza, "Mama, Idi yenyewe lini?"

Nililia.

Kwetu Wete, Pemba, hakuna mtoto aliyeuliza swali hilo, maana pua zilikuwa zimeshatupa habari tangu usiku. Baada ya Isha, mama aliweka makaa ya moto kwenye chetezo, akayaacha mpaka yavae jivu jeupe, ndipo akatia kipande cha udi. Juu yake alifunika tenga, na juu ya tenga akatandaza kanzu za kaka zangu, kisha magauni yetu, akiyageuza upande mmoja mmoja. Hakuwa na haraka. Tulipitiwa na usingizi tukiusikia moshi ule, na mpaka leo nikipita mlangoni pa mtu aliyefukiza udi, tumbo linanicheza kama la mtoto anayesubiri kukuche apewe mkono wa Idi.

Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba harufu ina njia ya mkato: kutoka puani hufika upesi sana kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana picha ya zamani unaitazama tu, lakini harufu inakurudisha pale pale, na umri wako wa wakati ule.

Basi ndugu yangu mwenye watoto, hasa uliye mbali na kwenu, usiiache Idi ipite bila harufu. Na usirundike harufu zote saa moja. Wengi hufukiza udi huku pilau iko jikoni, mwisho hausikiki udi wala pilau. Udi uwe wa usiku. Alfajiri ndiyo zamu ya viungo: bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, vyote vizima, uvikaange vikavu kwa moto mdogo, kisha uvitwange. Unga wa pakiti uliokaa dukani miezi hautafika chumbani kumwamsha mtu. Halafu mchi mpe mtoto. Atamwaga, atapiga chafya, mwache. Sisi tulifukuzwa jikoni siku nyingine zote, ila asubuhi ya Idi tuliitwa, na ndiyo asubuhi ninayoikumbuka.

Kaa likiwa bado linawaka ndimi, udi unaungua na nyumba inanuka moto, kwa hiyo subiri. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, achana na moshi kabisa: chemsha iliki na mdalasini kwenye sufuria bila mfuniko, au weka asumini kwenye sahani chumbani ukizipata.

Siku hizi mama hunitumia kopo la udi aliopika mwenyewe. Mwanangu sasa ana miaka 11. Idi iliyopita nilikuwa nimeshachukua kipande mkononi, akanishika kiganja, ameinamia chetezo.

"Bado, mama. Lile la pembeni halijavaa jivu."