Maswali ya Wasomaji: Kirusha mawimbi hakisikiki redioni

SWALI: Ndugu Mhariri, redio ya gari langu lililotumika Japani haina tundu la waya wala la flashi. Nimenunua kirusha mawimbi cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara ili nisikilize kicheza MP3 changu niendapo Makambako, lakini nasikia mkwaruzo tu. Nifanyeje? – Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea kifaa ni kizima na tatizo ni masafa, kwa sababu redio nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali virusha mawimbi vingi vya madukani huanzia 87.5 na kuishia 108. Ukikitega kwenye 98, redio hiyo haiwezi kukipata hata ukivigusanisha. Kitege kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo chochote, kisha redio nayo uiweke kwenye namba ileile, pamoja na nukta yake.

Ukikaribia mji mwingine, kituo cha huko kinaweza kuikalia namba hiyo, nawe utalazimika kuhama. Fanya hivyo gari likiwa limesimama, si katika mteremko wa Inyala.

Sauti ya kicheza MP3 iwe robo tatu hivi: ikiwa ndogo mno mkwaruzo huizidi, na ikijazwa kabisa hupasuka. Lakini ikiwa fundi amekwisha kufunga kifaa cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, ili redio ipate vituo vilivyo juu ya 90, namba za redio na za kirusha mawimbi huenda zisilingane, hivyo muulize ameshusha megahezi ngapi.