Modeli yangu imeshindwa na orodha ya herufi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu, na muhula huu nafanya utafiti binafsi chini ya msimamizi. Natengeneza programu ya kusanifisha Kiswahili cha simu: ukiandika "xaxa cjui 2takuja", itoe "sasa sijui tutakuja". Nilikusanya jumbe 2,000 za kundi letu la darasa, nikafundisha modeli (programu inayojifunza yenyewe kutokana na mifano) wiki tano. Inapatia maneno 71 kati ya 100. Orodha ya kubadilisha herufi niliyoiandika jioni moja, ili tu niwe na cha kulinganishia, inapatia 78! Msimamizi nimemwona mara mbili tu. Rafiki yangu anasema niifute ile orodha kwenye ripoti, hakuna atakayejua. Nifanyeje?
J., Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, J. Huyo rafiki mnunulie soda, ila ushauri wake uuache hapohapo mezani. Orodha hiyo ndiyo kitu bora ulichofanya muhula huu. Wanafunzi ninaowasimamia huniletea 71 yao wakishangilia, nikiuliza "ukilinganisha na nini?" wanatazama dari.

Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Ewin Tang, alipewa na msimamizi wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba kompyuta za kawaida haziwezi kuzikaribia kompyuta za kwantamu (zinazofanya hesabu kwa kanuni za chembe ndogo mno) katika kukisia mteja atapenda nini. Alihangaika na uthibitisho, haukuja. Kilichokuja ni kinyume chake: njia ya kompyuta ya kawaida inayoifanya kazi hiyo upesi. Kabla ya kuichapisha mwaka 2018, aliieleza kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mbele ya watafiti walewale walioibuni njia ya kwantamu, nao wakamhoji. Alikuwa na miaka 18. Angekwenda na jibu lililotarajiwa, leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Sasa turudi kwenye "2" yako. Kwenye "2takuja" ni "tu". Kwenye "wa2" pia ni "tu". Lakini "tukutane saa 2"? Orodha yako itaandika "saa tu", na mtu atachelewa kazini. Hapo ndipo penye utafiti: wapi herufi zinatosha, na wapi lazima uyatazame maneno jirani? Chukua makosa 50 ya modeli na 50 ya orodha, yaandike kwa mkono, uyapange ubavu kwa ubavu. Usiyahesabu kwanza, yasome. Kisha kagua ulivyogawa data. Kila mtu ana mwandiko wake wa simu. Jumbe za mtu mmoja zikiwa kwenye mafunzo na kwenye jaribio pia, hata hiyo 71 imepambwa. Tenga watu, siyo jumbe.

Kuhusu msimamizi, nakuelewa. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilimkwepa wangu wiki saba kwa sababu programu yangu haikuwaka. Nilikuwa napita mlango wa nyuma wa jengo. Alinikamata kantini, chipsi mayai mkononi, na kosa akaliona kabla sijamaliza kula. Kwa hiyo usisubiri kuitwa. Mtumie ukurasa mmoja siku mbili kabla ya kumwona: nilichofanya, nilichokiona, swali moja. Moja tu. Ukimwendea na "sijui niendelee vipi", utapewa saa nzima ya mawaidha na utatoka ulivyoingia. Ukimpa mfano wa "saa 2", ataacha hata simu yake.

Halafu kuna jambo hukuligusa. Hizo jumbe 2,000, wenzako uliwaomba ruhusa? Kama bado, anza na hilo leo. Futa majina na namba za simu. Atakayekataa, jumbe zake zitoke, hata ukibaki na 1,400.