Hundi ya senti mbili

Mhariri, mmetuuliza wiki hii iwapo ukuaji wa viwanda nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19 uliwanufaisha wahamiaji walioviendesha. Wengi wakijibu swali hili hulinganisha mshahara wa mhamiaji kule Marekani na kile alichokuwa akipata kwao, na kwa kipimo hicho jibu ni ndiyo, la sivyo watu wasingeendelea kupanda meli. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu kinaishia pale mtu anapopokea mshahara, kabla hajalipa kodi ya nyumba.

Uangalieni mji wa Pullman, kusini mwa Chicago. George Pullman, aliyetajirika kwa mabehewa ya treni ya kulala, alianza kuujenga mwaka 1880, na baada ya miaka kumi na mitatu ulikuwa na wakazi wapatao 12,000, wakiwemo Waswidi, Wajerumani, Waholanzi na Waingereza wengi. Tusimnyime haki yake: nyumba zilikuwa za matofali, zenye gesi na maji ya bomba, wakati ambapo wahamiaji wengi wa Chicago walibanana katika nyumba mbovu za mbao. Hata hivyo, mfanyakazi hakuruhusiwa kununua nyumba aliyoishi. Kila jengo lilikuwa mali ya kampuni, likiwemo kanisa, na maktaba ilitoza dola 3 kwa mwaka. Tume ya serikali iliyochunguza mambo hayo mwaka 1894 ilieleza kwamba, ukiacha usafi na uzuri wa mji, kodi ilizidi ile ya nyumba kama hizo katika maeneo ya jirani kwa asilimia 20 hadi 25.

Uchumi ulipoporomoka mwaka 1893, kampuni ilipunguza mishahara kwa wastani wa robo hivi, lakini kodi haikuguswa. Pullman alijitetea kwamba kutengeneza mabehewa ni biashara moja na kupangisha nyumba ni nyingine. Huenda hoja hiyo ilieleweka ofisini, lakini benki ya kampuni haikuijua. Kwa kuwa sheria ya jimbo ilikataza kodi kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, mfanyakazi alipewa hundi mbili, moja ya kodi na nyingine ya kilichobaki, naye akashinikizwa kuisaini ile ya kodi na kuiacha palepale. Mchungaji William Carwardine, aliyehudumu katika mji huo, alisimulia habari za mtu ambaye hundi yake ya pili ilikuwa ya senti mbili. Hakwenda kuichukua fedha hiyo. Aliitia hundi kwenye fremu, iwe kumbukumbu.

Sasa zilinganisheni hesabu za kampuni yenyewe. Katika mwaka ulioishia Julai 1893, mishahara ilikuwa zaidi ya dola milioni 7.2, na gawio la wanahisa dola milioni 2.52. Mwaka uliofuata mishahara ilishuka hadi chini kidogo ya milioni 4.5, ilhali gawio lilipanda na kufikia milioni 2.88. Sihitaji ushahidi mwingine kujua hasara ya mwaka ule ilibebeshwa nani.

Mgomo ulianza Mei 11, 1894, na mwezi Juni chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kikagomea treni zote zenye mabehewa ya Pullman. Rais Cleveland alipeleka jeshi Chicago, ingawa gavana wa Illinois alipinga, na Debs akafungwa. Ila nisiwapambe wagomaji kupita kiasi. Chama hichohicho kilikuwa kimepiga kura kuwazuia Weusi wasijiunge, kinyume na ushauri wa Debs mwenyewe, wakati watumishi waliowatandikia abiria vitanda ndani ya mabehewa hayo walikuwa Weusi na waliishi zaidi kwa bakshishi.

Pullman alifariki mwaka 1897, akazikwa chini ya zege na vyuma vya reli, kwa kuwa familia yake ilihofia mwili ungefukuliwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kwamba hati ya kuanzishwa kwa kampuni haikuiruhusu kumiliki mji, na ikaitaka iuze zile nyumba.